Machimbo ya kokoto yameshuka chini, kisima changu maji yanapungua. Ni baruti au kuna kitu kingine?

mwenye_kisima
Wadau habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa visima na machimbo. Jirani na kwetu kuna machimbo ya kokoto, mi nimehamia nikayakuta. Kipindi hicho walikuwa wanakata kilima kwa juu tu, hatukuwa na shida nao zaidi ya vumbi na kelele za kresha (mashine ya kusaga mawe). Sasa kilima wamekimaliza wanachimba kwenda chini, shimo kubwa hilo ukisimama ukingoni malori yanaonekana madogo huko chini, na wakilipua vikombe vinagonga kabatini.

Kisima changu ni cha kuchimbwa na mashine, kina mita 60, pampu imening'inia mita 42. Fundi aliandika kwenye karatasi siku anakabidhi kuwa maji yamesimama mita 18 kutoka juu. Sikuhizi nikiwasha pampu inavuta vizuri kwa muda alafu inaanza kukohoa hewa, nazima, nasubiri, nawasha tena, ndo maisha. Kingine siku wakilipua maji yanatoka na rangi ya kutu, kesho yake yako safi. Jirani yangu ana kisima cha kuchimba kwa mkono, chake kimekauka kabisa hadi unaona tope limepasuka chini.

Nimeenda kwa meneja wao, mtu mstaarabu tu, akanitolea makaratasi ya vipimo vya mtetemo akasema tuko chini ya kiwango, kwa hiyo kisima chako hakituhusu. Sasa naomba kujua, mlipuko unaweza kupasua mwamba maji yakakimbia? Na kama sio mlipuko ni nini, na nitathibitisha vipi?

tulia_kwanza
Pole sana mkuu. Usisaini karatasi yoyote ya "fidia" ya haraka haraka mpaka ujue tatizo ni nini.

fundi_rigi
Mkuu mi nachimba visima, ngoja nikwambie kitu ambacho watu wengi wanakipita. Baruti inasikika, ndo maana kila mtu anailaumu. Pampu haisikiki. Swali la kumuuliza meneja sio mtetemo, muulize sakafu ya shimo lake iko kina gani na anatoa maji kiasi gani kwa siku.

Iko hivi. Walipokuwa wanakata kilima walikuwa juu ya usawa wa maji ya ardhini, ndo maana kisima chako hakikushtuka. Shimo likishapita ule usawa maji yanaanza kuchuruzika kutoka kwenye kuta na sakafu, na mashine haziwezi kufanya kazi zikiogelea, kwa hiyo wanachimba kidimbwi sehemu ya chini kabisa wanaweka pampu inatoa maji nje mchana na usiku. Hapo machimbo yamegeuka kuwa kisima kikubwa kuliko visima vyote vya eneo hilo na maji ya ardhini yote ya karibu yanaanza kuelekea huko. Usawa wa maji unashuka sana pale shimoni na unashuka kidogo kidogo kadiri unavyoenda mbali, ukiuchora unapata umbo la faneli. Visima vilivyo ndani ya hiyo faneli vinashuka nayo, vile vifupi vinakauka kwanza, ndo ya jirani yako hiyo.

Faneli inafika wapi inategemea mwamba. Granaiti ngumu yenye nyufa chache inaweza kuishia mita mia kadhaa tu, lakini haiendi duara zuri kama kwenye vitabu, inafuata nyufa. Unaweza kukuta nyumba iliyo karibu na shimo haina shida hata kidogo na ya mbali zaidi imekauka kwasababu imekaa kwenye ufa uleule unaomwaga maji shimoni. Mchanga na changarawe inasambaa kwa usawa zaidi. Mawe ya chokaa hayo ndo balaa, mwingine aje aelezee.

Alafu hiyo kukohoa ni kwamba maji yakivutwa yanashuka mpaka kwenye pampu. USIIACHE iendelee hivyo. Pampu ya kuzama inapozwa na maji yanayopita kwenye mota yake, ikikosa maji inaungua. Punguza valvu ya juu itoe taratibu, au funga kile kifaa kinachoizima yenyewe maji yakishuka.

mlipuaji_mstaafu
Nimefanya kazi ya ulipuaji miaka mingi, sasa napumzika, kwa hiyo sina wa kumtetea hapa. Meneja hajakudanganya ila amejibu swali ambalo kisima hakikuuliza. Viwango vile vya mtetemo viliwekwa kwa ajili ya NYUMBA. Vile vinavyonukuliwa sana vimetokana na ripoti ya Ofisi ya Migodi ya Marekani ya mwaka 1980, walikuwa wanaangalia plasta na kuta zinapasuka lini, wakasema mtetemo wa polepole (unaoyumba mara chache kwa sekunde) mwendo wake usizidi milimita 12.7 kwa sekunde kwa nyumba za plasta za zamani, 19 kwa nyumba za kisasa, na mtetemo wa haraka haraka unaweza kufika 50. Hakuna popote panaposema ukiwa chini ya hapo basi maji ya ardhini hayatashuka, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuhusu kupasua mwamba: nyufa mpya zinazoletwa na baruti zinaishia mita chache kutoka kwenye tundu la baruti, sio mamia ya mita. Kinachofika kwako ni mtikisiko. Huo mtikisiko unaangusha kutu kwenye kesingi (lile bomba linaloshikilia kuta za kisima) na vumbi laini lililokaa kwenye nyufa za mwamba, ndo hiyo rangi unayoiona na ndo maana kesho yake inatulia. Kero lakini sio dalili kuwa kisima kimevunjika. Isipokuwa visima vya mkono vya zamani vilivyojengewa mawe bila saruji, hivyo mawe yanaweza kuanguka ndani, nimeshaona.

Kuna kingine hakisemwi. Kipindi hichohicho cha 1980 walichunguza visima karibu na machimbo ya wazi ya makaa ya mawe kule milima ya Appalachia, hukohuko Marekani. Wakakuta mlipuko wenyewe hauharibu kisima, ila machimbo yanaposogea maji yanashuka kwasababu mwamba uliokuwa umebanwa ukiondolewa pembeni yake unalegea, nyufa zinafunguka, maji yanapata nafasi kubwa ya kukaa na usawa unashuka. Yani kuondoa mawe kwenyewe kunabadilisha njia ya maji hata kabla hujawasha pampu.

sio_kila_kitu_kresha
Mi nitakuwa yule mtu mbaya. Mbona wote mmeshahukumu? Usawa wa maji unapanda na kushuka kila mwaka hata pasipo na machimbo, na baada ya misimu miwili ya mvua hafifu unaweza kushuka mita kadhaa. Hapo mtaani wamechimba visima vingapi vipya tangu uhamie? Kila kimoja kina faneli yake ndogo na zikikutana zinajumlishana. Alafu kisima kinazeeka, kuna bakteria wa chuma wanatengeneza ute wa rangi ya kutu unaziba vichungi, maji yako nje ya bomba yanashindwa kuingia. Dalili ni zilezile, pampu inakohoa na maji yana kutu. Mi nimeona watu wanapelekana mahakamani kumbe kisima kinahitaji kusafishwa tu.

fundi_rigi
@sio_kila_kitu_kresha hapo umesema kweli na ndo hoja atakayokuja nayo mwanasheria wao, kwa hiyo bora aijibu mapema. Kuzitofautisha sio ngumu. Kama kichungi kimeziba, ukizima pampu usiku kucha maji asubuhi yanakuwa yamerudi palepale pa zamani, tatizo linaonekana ukianza kuvuta tu. Kama maji ya ardhini yenyewe yameshuka, hata ukipumzisha kisima hayarudi pa zamani. Mwenye kisima, zima pampu usiku, pima asubuhi kabla mtu hajafungua bomba, uje na namba. Karatasi yako inasema 18, leo inasema ngapi? Na kwenye hiyo karatasi angalia kama fundi aliandika alikutana na maji kwenye kina gani.

mwenye_kisima
Shikamoo mzee mlipuaji, na asante fundi. Nimepima kama ulivyosema, kamba yenye futi na uzito chini, nimepaka chaki sehemu ya mwisho ili nione ilipolowa. Mita 31! Nikarudia siku nyingine ikaja 31 na kidogo. Karatasi inasema maji yalipatikana mita 26 kidogo, alafu mita 47 mengi. Na nikiweka sikio kwenye kesingi nasikia maji yanadondoka huko ndani hata pampu ikiwa imezimwa.

Mvua hapa hazijapungua, mwaka huu zilizidi hata. Visima vipya viwili vimechimbwa ila viko upande wa mbali. Na nilienda kuzunguka nyuma ya machimbo, kuna bomba nene linamwaga maji kwenye mfereji mchana na usiku, na hiki ni kiangazi. Majani ya mfereji huo ni ya kijani kote kwingine pakavu.

Ila mke wangu anauliza, je maji yenyewe ni salama kunywa? Tuna mtoto mchanga ndani.

dada_maabara
Kaka hilo la mtoto lifanye la kwanza, mengine yasubiri. Baruti inayotumika sana machimboni ni mchanganyiko wa amonia nitrati karibu asilimia 94 na dizeli asilimia 6. Ikilipuka yote vizuri hakuna shida kubwa, lakini inayomwagika wakati wa kujaza na ile inayobaki kwenye tundu lenye maji bila kulipuka inayeyuka upesi sana, nitrati inaingia kwenye maji ya ardhini. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 50 kwa lita. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yenye nitrati nyingi damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anabadilika rangi kuwa ya bluu. NA USICHEMSHE ukidhani unaitoa, ukichemsha maji yanapungua nitrati inabaki, unaiongeza makali. Mpaka upate majibu tumieni maji mengine kwa maziwa ya mtoto.

Hata ikikutwa juu usikimbilie kusema ni baruti, choo cha shimo na mbolea za shambani na mifugo navyo vinatoa nitrati. Ndo maana unapima na bakteria wa kinyesi pamoja. Nitrati juu na bakteria wengi mara nyingi inaelekeza kwenye choo au zizi, nitrati juu bila bakteria hapo machimbo au mbolea inaanza kuwa na maana. Omba pia kiwango cha chumvichumvi, pH, ugumu, chuma, na uchafu wa tope. Ukihisi harufu ya dizeli au ukaona utando wa mafuta juu ya maji, waambie maabara kabla ya kuchukua sampuli maana chupa yake ni nyingine, ya glasi.

Alafu mwombe mtu wa maabara mwenyewe aje kuchukua sampuli na aandike jina, saa na mahali. Sampuli uliyoileta wewe kwenye chupa ya soda itakusaidia kujua ila haitakusaidia kubishana na mtu.

Kuna watu wanadhani maji yakipita ardhini yanajisafisha tu. Udongo wa juu ndo unaosafisha, na machimbo yanaanza kwa kuuondoa. Shimoni maji ya mvua na mafuta ya mashine yanakutana na ufa uliowazi moja kwa moja. Pampu yao ikiwa inavuta, angalau uchafu unaelekea shimoni kwao. Wakizima siku moja waondoke, mwelekeo unaweza kugeuka.

mpenda_mawe
Kwenye chokaa nimalizie mimi. Chokaa inayeyushwa na maji, kwa hiyo badala ya vinyufa unapata mifereji na mapango, maji yanaweza kutembea kilomita kwa siku chache na hayachujwi njiani. Tope la siku ya mlipuko linafika kwenye kisima likiwa tope. Wataalamu wanatia rangi isiyodhuru kwenye tundu upande wa machimbo alafu wanavizia itokee kwenye kisima gani, huo ni ushahidi usiobishika.

Na sio visima tu. Bonde la Hershey, Pennsylvania, Marekani, mwaka 1949 machimbo ya chokaa yaliongeza kupampu, visima vya eneo kubwa vikashuka na ardhi ikaanza kudidimia, mashimo karibu 100 yakafunguka. Maji yaliyokuwa yanashikilia udongo juu ya yale mapango yalipoondoka, udongo ukakosa wa kuushika. Mwenye kisima kama kwenu ni chokaa angalia na msingi wa nyumba. Ni mawe gani hayo?

mwenye_kisima
Ni granaiti, kokoto ni ya kijivu yenye vidoa vyeupe na vyeusi. Afadhali basi. Sampuli mtu wa maabara amekuja kuchukua, majibu bado, mtoto anatumia maji ya kununua. Sasa fundi nisaidie la ushahidi, na je niongeze kina cha kisima au?

fundi_rigi
Namba zako zinaongea. Umeshuka mita 13 mvua zikiwa nzuri. Ufa wa mita 26 sasa uko hewani, huo mdondoko unaousikia ndo maji yake yanachuruzika kutoka juu yanaangukia chini, yanaingia na hewa, nayo inachangia kukohoa. Umebaki na ufa wa 47 peke yake.

Kwenye ushahidi kupima mara moja hakutoshi. Pima kila wiki asubuhi ileile, kutoka alama ileile kwenye mdomo wa kesingi (chora mstari kwa msumari), andika kwenye daftari pamoja na mvua ya wiki hiyo na kama pampu ilizimwa usiku. Washirikishe majirani wenye visima kila upande, wa karibu na wa mbali, kwasababu kisima kimoja kikishuka ni bahati mbaya ya mtu, lakini visima kumi vilivyoshuka sana karibu na shimo na kidogo kwa mbali hiyo ni picha ya faneli na hakuna mvua inayoshusha maji kwa umbo hilo.

Kitu chenye nguvu kuliko vyote ni siku pampu yao ikisimama. Ikiharibika, au wakifunga kwa sikukuu, pima kila siku. Kama maji yako yanapanda wakati hawapampu na yanashuka wakirudi, umemaliza kazi. Kwenye mwamba wa nyufa inaweza kuonekana ndani ya siku chache. Waombe kwa maandishi rekodi za pampu, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira waliyoombea kibali, humo huwa wanaandika sakafu ya mwisho itafika wapi na faneli wanayoikadiria. Uliza pia kama wana visima vya uchunguzi (vya kupimia usawa wa maji tu) kati ya shimo na makazi. Kama hawana na wako chini ya usawa wa maji, hilo swali wajibu wao sio wewe.

sio_kila_kitu_kresha
Sawa, kwa hizo namba mi nakaa pembeni. Ila vile visima viwili vipya navyo vipimwe, usije ukaulizwa ukakosa jibu.

fundi_rigi
Ndio, navyo viingie kwenye daftari.

Kuongeza kina: usikimbilie. Kwanza shusha pampu kutoka 42 hadi kama 53, kisima chako kina nafasi, na usiifikishe chini kabisa itavuta tope. Lakini ukiipitisha chini ya ufa wa 47 maji yatakuwa yanaingia kwa juu yake na hayatapita kwenye mota, kwa hiyo ivalishe bomba la nje linaloyalazimisha maji yazunguke chini ndo yapande, bila hivyo utaiunguza ukidhani umetibu. Angalia pia kama nguvu ya pampu inatosha, sasa inanyanyua kutoka mbali zaidi, na waya wa umeme utaongezwa.

Kuchimba zaidi ni baada ya kujua sakafu yao ya mwisho. Kama wanapanga kushuka mita nyingine 30 na wewe ukaongeza 20, mtakuwa mnakimbizana na mwenye pampu kubwa ndo anashinda. Na kwenye granaiti kadiri unavyoshuka nyufa zinapungua, unaweza kulipia mita zote hizo ukapata tundu kavu. Bora mkae nao kikundi kizima, sio wewe peke yako, waweke kwenye maandishi kwamba maji yakishuka chini ya kina fulani watashusha pampu zenu kwa gharama zao, au watachimba visima vipya nje ya faneli, au watawaletea maji ya bomba. Hata yale wanayomwaga kwenye mfereji yanaweza kurudishwa ardhini kupitia mitaro kati ya shimo na nyumba zenu, machimbo mengine yanafanya hivyo.

mlipuaji_mstaafu
Na mkataba useme nini kinatokea wakifunga. Pampu ikizimwa shimo linajaa linakuwa ziwa, maji ya ardhini yanarudi polepole, inaweza kuchukua miaka, na si lazima yarudi palepale. Upande wa juu wa ziwa maji yanaweza kubaki chini kuliko zamani na upande wa chini yakapanda. Mwenye kisima, nyumba yako iko upande gani wa shimo, maji ya ardhini yanatoka kwako kwenda kwao au kutoka kwao kuja kwako?

mwenye_kisima
Sijui mzee, ila ardhi inateremka kutoka kwangu kwenda kwao. Jioni naenda kwa majirani na kamba yangu na chaki, wameshakubali wanne.